Mafuta Yasiyokwisha

Mama alipigwa kwanza na baba, halafu na kaka yake baba, halafu na nyanya yetu mzaa baba, ambaye mikono yake ilikuwa imechoka lakini fimbo yake haijachoka. Walimpiga kwa sababu alikataa kutaja jina la mwanamume. Nami nasema mapema, asije mtu akasoma huku anajiuliza kama labda, pengine, kulikuwa na jambo: hakukuwa na mwanamume. Nilikuwa binti mkubwa wa nyumba ile, nililala chumba kimoja na mama alipofukuzwa kitandani kwa baba, na ninajua. Kulikuwa na mafuta.

Baba alikuwa fundi wa umeme kwenye kampuni ya shaba. Kazi yao karakanani ilikuwa kufungua transfoma mbovu, yale masanduku makubwa ya chuma yanayopunguza nguvu ya umeme, na kuzitengeneza upya. Ndani ya transfoma mna mafuta ya kupoza moto. Yakichoka, kampuni inataka yatolewe na kutupwa. Sasa niambie, nani katika mtaa wetu wa Katuba, miaka ile, angetupa mafuta? Mafuta ya kupikia yalikuwa yanaonekana dukani leo, kesho hakuna, keshokutwa wanakwambia urudi mwezi ujao. Mafundi waliyajaza kwenye bidon, yale madumu ya plastiki, mlinzi wa lango akapewa chupa yake ili atazame pembeni, na jioni bidon ikaingia nyumbani begani kwa baba. Tuliyaita mafuta ya transfo.

Yalipendwa, nisidanganye. Mawese ukiyachemsha asubuhi mbili yanakuwa meusi na kutoa moshi wa kuliza macho. Ya transfo yalibaki vilevile. Mama alikaangia vitumbua wiki nzima, akayachuja kwa kitambaa, akaanza tena. Wanawake wa avenyu yetu walikuwa wanashika chupa juu, wanaitazama kwenye jua na kusema kwa furaha, "Haya mafuta haiishake!" Walisema hivyo kama mtu anavyosifia mume asiyelewa.

Tuliyatia kila mahali. Sakafu ya saruji nyekundu iling'aa kwa mafuta yale. Bawaba za mlango zilinyamaza. Nywele zangu zilisukwa nayo. Nyanya, ambaye tulimwita Kaku, aliyapaka magotini kila asubuhi na kuapa kwamba yanamrudisha ujanani. Mtu akiungua, mafuta ya transfo. Mtoto akizaliwa, mafuta ya transfo kuanzia utosini mpaka unyayoni, ngozi ilainike. Baba alikuwa mtu mkubwa kwa ajili ya bidon ile, na watu walimsalimia kwa mikono miwili.

Tulikuwa na vipele, ndiyo. Vipele vyeusi mashavuni na nyuma ya masikio, vigumu, ukivikamua vinatoa kitu kama nta. Baba alikuwa navyo shingo nzima. Walisema ni joto la karakana. Mama alikuwa navyo pia, na yeye hajakanyaga karakana maishani mwake, lakini hakuna aliyeuliza.

Kisha akazaliwa mdogo wangu wa mwisho, mvulana. Kaku ndiye aliyempokea. Nilikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto, nikamwona akimgeuza mtoto huku na huku, akitazama kucha zake. Kucha zilikuwa za rangi ya udongo. Ngozi yake ilikuwa nyeusi isiyo ya kawaida, weusi wa majivu, na hakuna mtu kwetu mwenye rangi ile. Kope zilikuwa zimevimba na kufungwa kwa usaha. Kaku alimweka chini polepole, kama mtu anayerudisha kitu ambacho hakukiagiza.

"Huyu mutoto," alisema, "haiko wa kwetu."

Ni lazima nieleze desturi ya ukoo wa baba, kwa sababu bila hiyo mtasema watu hawa walikuwa wanyama tu. Mtoto akizaliwa vibaya, au akiugua titini, basi mama yake ametoka nje wakati wa mimba. Damu ya mwanamume mwingine imemchafulia mtoto. Dawa ipo, na ni rahisi: mwanamke anataja jina. Jina likitajwa mbele ya wazee, mtu huyo analipa, mizizi inachemshwa, mtoto anaoshwa na kupona. Asipotaja, mtoto anakufa, na ni mama yake aliyemwua kwa mdomo wake uliofungwa. Kwa hiyo kila kofi lililompata mama lilipigwa kwa ajili ya kumwokoa mtoto. Waliompiga walikuwa wanalia. Baba alimpiga kwa mkanda wake wa kazini, ule wenye chuma, na machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Sema jina! Mutoto anakufa, weye unafunga kinywa!"

"Miye sina jina ya kusema."

"Banakuona na nani? Sema!"

"Sina."

Chuma cha mkanda kilimpasua nyusi. Alisimama, akafuta damu kwa kanga ya mtoto, akaketi, akamtia mtoto titi. Alimnyonyesha mchana kutwa. Mtoto alikuwa mdogo, hanenepi, na mama aliamini kwamba maziwa yatafanya kazi ambayo wazee wanataka jina liifanye. Kila alipopigwa alimnyonyesha zaidi.

Jirani wa ng'ambo ya barabara, naye mkaanga vitumbua, rafiki yake tangu wakiwa mabibi-harusi, alikuja kumkanda majeraha. Alikuwa mwanamke mwenye akili ya sokoni.

"Taja jina yoyote tu, bantu banyamaze," alimnong'oneza. "Taja ya muntu mwenye alisha kufa. Banamufanya nini?"

Ushauri ule haukuwa wa kijinga. Wanawake wengi wa avenyu yetu walikuwa wameshataja wafu, na wafu hawakulalamika. Mama alifikiri, nilimwona akifikiri. Halafu akasema hapana. Alisema akitaja uongo, wataacha kutafuta, na kitu kinachomla mtoto kitaendelea kumla kwa raha zake. Nilimchukia siku ile. Nilitaka aseme jina lolote, hata la padre, ili baba avae mkanda wake kiunoni.

Kuku ndio waliomfumbua mama macho. Tulikuwa na kuku wachache, na chakula chao kilikuwa makombo ya kikaango, yale masalia ya unga yaliyolowa mafuta. Walianza kutembea midomo wazi, wanahema. Matumbo yao yalivimba. Mayai yaliatamiwa mpaka siku zake zikapita, na mama alipoyavunja alikuta vifaranga wamefia ndani, shingo nene zimejaa maji. Tulichinja kuku jike mmoja kabla hajafa bure, kisu kilipoingia tumboni yakatoka maji, na mama akanizuia nisimtie chunguni. Kuku wa jirani walikuwa wanakufa vivyo hivyo. Lakini mwishoni mwa avenyu kulikuwa na mama mmoja mkorofi, aliyewahi kumtukana baba kwenye foleni ya bomba la maji, na baba akaapa kwamba hatapata hata tone la transfo. Yule alikaangia mawese, na moshi wake ulikuwa kero kwa wote. Kuku wake walikuwa wanaangua vifaranga wazima, wenye kelele, wanaopita mpaka uani kwetu.

Mama alikaa kwenye kigoda na jicho moja limefumba kwa uvimbe, akawatazama vifaranga wale asubuhi nzima. Kisha akaniita, akashika taya langu, akageuza uso wangu kwenye mwanga na kutazama vipele vyangu. Akatazama vya kwake kwenye kioo. Akamtazama mtoto, ambaye Kaku alikuwa amemaliza kumpaka mafuta na aling'aa kama sakafu.

"Kuanzia leo," alimwambia Kaku, "mafuta ile musimupake tena mutoto."

Kaku alimpiga fimbo ya mgongo. Alisema kwanza umekataa jina, sasa unamnyima mtoto hata mafuta, basi chukua kisu ummalize. Aliendelea kumpaka. Mama alimwosha kwa sabuni, Kaku akampaka tena, wakavutana mtoto katikati yao mpaka mimi nikapiga kelele kwamba watamkata mkono.

Jumapili, baada ya misa, wazee walikaa. Wazee ni baba, Kaku, na baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuja kutoka mtaa wa Annexe amevaa abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, kwa sababu aliona kwamba shughuli ya kumpiga shemeji inahitaji heshima. Mama aliambiwa apige magoti katikati ya sebule. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, anapumua kwa mluzi mdogo.

"Kwa mara ya mwisho," alisema baba mkubwa. "Njo nani?"

Mama aligeuka kumtazama mtoto mgongoni mwangu. Baba mkubwa akampiga teke la ubavu, kwa kiatu cha misa. Akaanguka. Baba akafungua mkanda.

"Muache," mama alisema kutoka sakafuni. "Nitasema. Muntu mwenye munatafuta, eko humu mu nyumba. Aliingiaka kwa mulango, mu macho yenu. Munamupakata kila siku."

Mluzi wa mtoto ulisikika mgongoni mwangu. Baba mkubwa alimtazama baba. Baba alimtazama kaka yake. Niliona wazo likipita kwenye uso wa baba, wazo baya sana juu ya ndugu yake, na nadhani hapo ndipo chuki yao ilipoanza, maana haikuisha. Mama aliinuka, akatoka uani, akarudi na shoka la kuni. Alipita katikati yao mpaka kwenye kona ilipokuwa bidon.

"Njo huyu," akasema, akainua shoka.

Baba aliruka. Sijui mpaka leo kama alielewa, au kama aliona tu bidon yake mpya inapasuliwa. Alinyoosha mkono kuikinga. Shoka lilishuka kwenye plastiki na kwenye mkono pamoja. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilibaki juu ya kifuniko, na mafuta yakamwagika sakafuni na damu juu yake, isichanganyike, ikielea kwa matone. Baba hakuwahi kunyoosha mkono namna ile kumkinga mama. Nilikuwa mtoto lakini niliona hilo, na sijasahau.

Mama hakusimama kumtazama. Alitoka na shoka barabarani. Alikuwa na damu usoni, kanga moja kiunoni, miguu yake inateleza kwa mafuta. Kwa jirani wa kwanza alipasua bidon nje ya mlango. Kwa wa pili akapasua chupa zilizopangwa dirishani. Alikuwa anasema kitu kimoja tu: "Inaua batoto! Inaua batoto!" Watoto walikimbia, na wanaume waliokuwa wanacheza drafti walikimbia mbele ya watoto.

Alipofika kwa rafiki yake, mkaanga vitumbua, kikaango kilikuwa motoni. Yule mama alisimama mbele ya meko yake na mwiko wa chuma. Lile lilikuwa genge lake, ada za shule za watoto wake, kodi yake.

"Weye muzima?" alipiga kelele. "Nitakaanga na nini?"

Mama alipiga kikaango kwa bapa la shoka. Mafuta ya moto yakaruka, yakamchoma yeye mwenyewe mguu wote wa kulia, na yule rafiki mkono. Wakashikana. Sijaona wanaume wakipigana vile. Walivutana nywele, waliumana, walibiringishana kwenye vumbi na mafuta, wale wanawake wawili waliokuwa wamesukana wiki iliyopita. Niliwazunguka na mtoto mgongoni nikilia, "Mama, acha! Mama, acha!" na hakuna aliyenisikia.

Waliowatenganisha ni vijana wa chama tawala. Walikuja na mikanda na beji zenye sura ya kiongozi wa nchi vifuani, wakampiga mama mateke mpaka shoka likamtoka, wakamwambia kwamba anavuruga amani ya wananchi. Walimfungia kwenye ofisi yao mpaka kesho yake. Na bidon zote ambazo mama hakuwahi kuzifikia walizikamata kama ushahidi. Wiki ile wake zao walikaanga samaki, mtaa mzima ulisikia harufu.

Mama alirudi na mguu umetoka malengelenge. Alimchukua mtoto mgongoni mwangu, akamtia titi.

Kaku hakumpaka tena. Hakukuwa na mafuta nyumbani, na baba alikuwa amelala na mkono wake umefungwa, anaugua na kutukana. Kwa siku kadhaa macho ya mtoto yalifunguka. Alinitazama. Alikuwa na macho ya baba kabisa, yenye pembe zilizoshuka, na nilikimbia kumwonyesha kila mtu, tazameni, tazameni macho yake. Baba aligeukia ukutani.

Mdogo wangu alikufa mwanzoni mwa mvua. Alifia mgongoni mwangu, nikiosha sahani. Nilihisi ule mluzi umekoma, nikadhani amelala, nikaendelea kuosha taratibu nisimwamshe. Nina hasira na sahani zile mpaka leo.

Mazishini mama alikatazwa. Mwanamke aliyeficha jina hakanyagi kaburi la mtoto wake, hiyo nayo ni desturi. Tulipotoka na kijisanduku, alibaki uani peke yake. Tuliporudi tulimkuta amekusanya bidon zote tupu, zetu na zilizotupwa mtaani, zile ambazo kila nyumba ingezikosha na kuchotea maji au kuchachushia munkoyo, kile kinywaji cha mahindi cha sherehe. Alikuwa na jiwe na msumari. Alikuwa anatoboa kila bidon kitako, shimo baada ya shimo, ili isishike chochote tena. Alitoboa mpaka giza likaingia, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila alipoona bidon imetoka karakana, aliinusa, akatoa msumari kwenye fundo la kanga. Wengine walimcheka, wengine walimpiga. Aliwahi kurudi na jino mkononi. Lakini kuku waliendelea kufa, na mama mkorofi wa mwisho wa avenyu aliendelea kuuza mayai. Moja baada ya nyingine, nyumba zilianza kunuka moshi wa mawese. Hakuna aliyesema kwamba mama alikuwa amesema kweli. Waliacha tu, kimya kimya, kama watu wanavyoacha kwenda kwenye nyumba fulani. Asubuhi moja yule rafiki yake wa vitumbua alivuka barabara na bidon mkononi, akaiweka mbele ya mama, akasimama. Kovu la moto lilikuwa linapanda mpaka kwenye kiwiko chake. Mama alimpa jiwe. Yule akaitoboa mwenyewe, mafuta yakaenda mtaroni, kwa sababu hatukujua pengine pa kuyapeleka. Walipomaliza walikula vitumbua.

Baba hakukubali kamwe. Aliacha kuleta mafuta kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuyapokea, basi. Hakumfukuza mama, hakumsamehe. Waliishi hivyo, chumba hiki na chumba kile.

Miaka ilipita, nikaolewa, nikajifungua. Nilimsimulia daktari wa wazazi habari za vidole vya baba, kwa mzaha, kama tunavyosimulia mambo ya nyumbani. Hakucheka. Aliuliza mafuta gani. Kisha akatueleza, mimi na mama aliyekuwa amemshika mjukuu wake, kwamba kitu kilichomo katika baadhi ya mafuta yale hakiozi. Hakitoki kwa jasho wala kwa mkojo. Kinakaa kwenye mafuta ya mwili, miaka na miaka, na mwanamke ana njia moja kubwa ya kukipunguza, nayo ni maziwa anayomnyonyesha mtoto. Aliongeza haraka kwamba mimi ninyonyeshe tu, kwamba faida ni kubwa kuliko hatari, na nilinyonyesha, huku nikilia kila mara.

Mama hakuwa anamsikiliza tena. Alimwuliza jambo moja.

"Basi, ile sumu yangu ilipunguka?"

Daktari alitazama chini, akasema ndiyo, mama, bila shaka ilipungua.

Baba aliugua ini. Alikuwa wa njano mpaka ndani ya macho, tumbo limejaa maji, na mimi niliwakumbuka kuku lakini sikusema. Mama alimwosha, alimgeuza, alimlisha. Siku moja, mchana, nikiwa naanika mashuka dirishani, nilimsikia baba akimwita kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu nikiwa mdogo.

"Bibi yangu," alisema. "Ninakufa. Sitamufanya kitu. Nambie tu jina."

Mama aliweka bakuli chini. Nilidhani atamtemea mate, na ningemsaidia. Badala yake aliketi kitandani, akaushika ule mkono wa kushoto wenye vidole vitatu, akauweka juu ya kifua cha baba mwenyewe, akaugandamiza hapo. Kisha akauhamisha, akauweka juu ya titi lake.

"Weye ulimuleta mu nyumba, mu bidon," alimwambia. "Miye nikamunyonyesha mutoto. Tulikuwa babili, weye na miye."

 Baba hakuuondoa mkono.